JUMA MOJA KATIKA NCHI YA MIZABIBU

Shamba la hospitali, karamu za wakulima, na siku mbili za kuwakusanyia wengine chakula

Ndugu mkulima, ukisikia mtu amekwenda Ulaya juma zima kutazama mashamba ya zabibu na kula karamu, huenda ukasema moyoni kwamba huyo ni tajiri asiye na kazi. Mara nyingi utakuwa umesema kweli. Lakini kuna juma moja katika mwezi wa Novemba, katika jimbo la Bourgogne nchini Ufaransa, ambalo linastahili kujulikana na mtu mwenye ekari sita au kumi na tano, mwenye mkopo wa shamba, na mwenye jirani ambaye aweza kuugua wakati wa kupanda. Katika juma hilo huuzwa divai ya shamba ambalo si la mtu binafsi wala la kampuni. Ni shamba la hospitali, na limekuwa la hospitali kwa zaidi ya miaka 560.

Yafaa basi tukupeleke huko siku kwa siku, kana kwamba tikiti unayo mfukoni. Baadhi yenu mna watoto wanaosoma au kufanya kazi Ulaya, ambao huenda siku moja wakawaita. Wengine mtatumwa na vyama vyenu vya ushirika. Na yule ambaye hatakwenda kamwe, naye pia ana jambo la kuchukua hapa.

KUFIKA

Ndege kutoka Nairobi hadi Paris huchukua saa nane au zaidi kidogo. Paris unapanda treni ya kasi hadi Dijon, mwendo wa saa moja na nusu hivi, halafu treni ya kawaida hadi Beaune, kama dakika ishirini. Beaune ni mji mdogo wa watu 20,000 hivi. Umezungukwa na kuta za mawe za kale, na chini ya nyumba zake kuna ghala za divai zilizochimbwa ardhini, ambamo hewa ni baridi kiasi kile kile wakati wa jua kali na wakati wa theluji. Chukua koti zito. Baridi ya Novemba huko ni kama ile ya Kinangop alfajiri ya mwezi wa Julai, ila yenyewe haiondoki jua likipanda.

Toka Dijon kwenda kusini kuna mteremko wa vilima wenye urefu wa maili 30 na zaidi, lakini ni mwembamba, hata mahali pengi waweza kuuvuka kwa miguu kwa muda wa nusu saa. Mizabibu yenye sifa imo katika mteremko huo. Juu kileleni ni baridi mno na udongo ni haba. Chini bondeni maji hutuama. Katikati ndiko kuzuri. Wakulima wa huko wameugawa mteremko katika vipande 1,247, kila kipande kina jina lake na mpaka wake, na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliviandika katika orodha ya urithi wa dunia. Jina la kipande ndilo linaloandikwa kwenye chupa, na kwa ajili ya jina hilo divai ya upande huu wa njia huuzwa kwa bei nyingi kuliko ya upande ule.

Zabibu zao kwa sehemu kubwa ni za aina mbili tu: Pinot Noir kwa divai nyekundu, na Chardonnay kwa nyeupe. Hupandwa karibu karibu sana, kama mashina 4,000 kwa ekari, na trekta zao zina miguu mirefu ili zipite juu ya safu bila kugusa majani. Tena sheria huweka kipimo cha juu cha mavuno. Naam, mkulima akivuna kupita kipimo haruhusiwi kuuza kwa jina la kipande chake, kwa sababu mzabibu uliobebeshwa matunda mengi hutoa maji mengi na utamu mdogo. Sisi tunaopima kazi kwa magunia twaona jambo hili kuwa geni, lakini wao huishi kwa jina, na jina likiharibika hakuna mbolea ya kulirudisha.

JUMAMOSI: UKUTA WA WATAWA

Siku ya kwanza nenda Vougeot, mwendo mfupi kaskazini ya Beaune. Hapo pana shamba la ekari 125 hivi lililozungushiwa ukuta wa mawe, ambalo watawa wa Cîteaux walilianzisha katika karne ya 12. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, watawa walinyang'anywa, na mwaka 1889 shamba likagawanywa kwa wanunuzi kadhaa. Leo lina wenye mali wapatao 80. Wengine wana safu chache tu za mizabibu, ambazo mtu aweza kuzihesabu akiwa amesimama mlangoni.

Usiuchukue mfano huu nyumbani bila kufikiri. Safu chache za Vougeot huweza kumlisha mtu kwa sababu chupa moja yake huuzwa kwa bei ya ndama. Robo ekari ya mahindi haimlishi mtu popote duniani. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1804 ilitaka watoto wote wapate fungu sawa, na ndiyo iliyokata mashamba mengi vipande vipande. Kwa hiyo familia nyingi za huko siku hizi hufanya hivi: shamba hubaki moja chini ya kampuni ya jamaa, na kila mtoto, wa kiume na wa kike, hupata hisa badala ya ukanda wa ardhi. Anayetaka kulima hulima na kuwalipa wenzake kodi. Anayetaka kwenda mjini huenda na hisa yake. Mzee aliye na watoto saba na ekari kumi aweza kuzungumza habari hii na wakili kabla hajamwita mpima ardhi.

Jengo kubwa la watawa lingali limesimama, na mchana hufunguliwa kwa wageni. Humo mna mashine za kukamua zabibu za mbao, kubwa kama nyumba. Usiku wa Jumamosi hiyo hufanyika humo karamu ya chama kiitwacho Confrérie des Chevaliers du Tastevin, yaani ndugu wa kikombe cha kuonjea. Chama hiki kilianzishwa mwaka 1934 katika mji wa Nuits-Saint-Georges, wakati biashara ya dunia ilipokuwa imeanguka na divai ilikuwa imelala ghalani bila mnunuzi. Waanzilishi wake, Georges Faiveley na Camille Rodier, walisema kwamba maadam divai haiuziki, heri waalike watu waje wainywe. Wakavaa majoho mekundu, wakatunga nyimbo, wakaalika mabalozi na waandishi wa magazeti. Ulikuwa mchezo, lakini pia ilikuwa kazi ya kutafuta soko, na soko walilipata. Bila mwaliko wa mwanachama huingii katika karamu hiyo, wala usihuzunike. Mjini Beaune usiku huo chakula ni kingi, na mchana kuna mbio za maili 13 zinazopita katikati ya mizabibu.

JUMAPILI: SHAMBA LA WAGONJWA

Siku hii ndiyo iliyotufanya tuandike habari hizi. Ni Jumapili ya tatu ya Novemba.

Mwaka 1443 Nicolas Rolin, aliyekuwa waziri mkuu wa mtawala wa Bourgogne, pamoja na mkewe Guigone de Salins, waliweka msingi wa hospitali ya maskini mjini Beaune. Vita kati ya Ufaransa na Uingereza, vilivyodumu zaidi ya miaka 100, vilikuwa havijakwisha. Vijiji vilikuwa vimeporwa na njaa ilikuwa kali. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari, 1452. Nyumba hiyo, yenye paa la vigae vya rangi nyingi, ungali unaweza kuitembelea. Utaona ukumbi mkubwa ambamo vitanda vimepangwa pande zote mbili, kila kimoja na pazia lake jekundu; utaona jiko lenye chuma cha kuchomea nyama ambacho hujizungusha kwa mashine ya mwaka 1698. Wagonjwa walilazwa katika nyumba hiyo ya kale hadi mwaka 1971, ndipo wakahamishiwa katika hospitali mpya.

Sasa sikiliza. Mwaka 1457 mwanamke mmoja, Guillemette Levernier, aliipa hospitali kipande cha mizabibu. Baada yake wakafuata wengine, karne baada ya karne. Huyu alitoa nusu ekari, yule ekari mbili. Huyu kwa shukrani ya kuponywa, yule kwa kuwa hakuwa na mrithi. Leo hospitali ina mizabibu ya ekari 150 hivi. Hulimwa na wakulima ishirini na wachache, na kila mmoja hutunza eneo lake, wastani wa ekari sita. Ekari sita, ndugu, ni shamba ambalo wengi wenu mnalijua kwa kila jiwe lake. Anayesimamia kazi yote ya shamba na ghala tangu mwaka 2015 ni Bibi Ludivine Griveau, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo. Na kila divai hupewa jina la aliyetoa mizabibu au la mfadhili wa hospitali, hivi kwamba Nicolas Rolin na Guigone de Salins wangali wanatajwa mnadani kana kwamba wamekaa safu ya mbele.

Tangu mwaka 1859 divai hii huuzwa kwa mnada. Haiuzwi kwa chupa bali kwa pipa la lita 228, ambalo hutoa chupa 300 hivi. Zamani mnada ulikwenda kwa mshumaa: mshumaa mdogo uliwashwa, na aliyetaja bei ya mwisho kabla moto haujazimika ndiye aliyenunua. Mwaka 2005 kazi hiyo ilitiwa mikononi mwa kampuni ya Christie's, na tangu mwaka 2021 hufanywa na kampuni ya Sotheby's, na wanunuzi hutaja bei kwa simu kutoka nchi za mbali. Angalia kwamba divai hiyo ina umri wa miezi miwili tu, kwa maana zabibu zilivunwa mwezi wa Septemba au mwisho wa Agosti. Bado si ya kunywa. Mnunuzi hapana budi aiache kwa mfanyabiashara wa Bourgogne ailee ghalani mwaka mmoja au zaidi ndipo iingizwe katika chupa. Yaani watu hulipa fedha nyingi kwa kitu ambacho hakijaiva, kwa kuamini jina na kuonja tone.

Pipa moja kila mwaka hutengwa, na fedha zake haziingii katika hospitali bali hupewa mashirika ya kusaidia watu. Mwaka 2022 pipa hilo liliuzwa euro 810,000, ambazo kwa bei ya fedha ya wakati ule zilizidi shilingi milioni 100 za Kenya. Fedha hizo ziligawanywa kwa mashirika mawili: World Vision, ambalo wengi wetu tunalijua hapa Kenya, na Princesse Margot, ambalo huwasaidia watoto wenye saratani. Mauzo ya mapipa yote 802 ya mwaka huo yalipita euro milioni 28. Fedha za mapipa mengine hujenga wodi, hununua mashine na hutunza nyumba za wazee.

Si kila mwaka huwa hivyo. Mwezi wa Aprili 2021 baridi ya usiku iliunguza machipukizi ya mizabibu, ingawa wakulima walikesha wakiwasha mishumaa mikubwa katika safu ili kuipasha hewa joto. Mapipa ya mwaka huo hayakufika hata nusu ya yale ya mwaka uliofuata. Mtu wa Ol Kalou au Mau Narok aliyeona viazi vyake vimegeuka vyeusi asubuhi moja anaelewa.

Basi nasi tujiulize. Wapimaji walipokata mashamba katika skimu zetu, mahali pengi walitenga viwanja vya shule, vya josho na vya zahanati. Tazama kiwanja chenu leo. Ikiwa bado kipo (na kuna mahali ambapo hakipo tena, na kila mtu anajua ni nani amejenga juu yake), mara nyingi ni zahanati ndogo upande mmoja na majani ya mbuzi upande mwingine. Hatusemi mpande mizabibu. Lakini ekari moja na nusu ya chai, au ya majani ya kulisha ng'ombe wawili wa maziwa, ambayo mazao yake huuzwa kupitia chama chenu na fedha huingia katika hesabu ya zahanati, yaweza kununua dawa wakati kaunti imechelewa kuleta. Yatakiwa mambo matatu tu, ambayo Beaune walikuwa nayo: hati ya ardhi iliyo kwa jina la zahanati wala si la mwenyekiti, daftari la hesabu linalosomwa mbele ya watu, na mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye mwenye kulima.

JUMATATU: KILA MTU NA CHUPA YAKE

Mchana wa Jumatatu karamu huhamia kijiji cha Meursault. Zamani mavuno yalipokwisha, mwenye shamba aliwalisha wachumaji wake. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, na mwaka 1923 Bwana Jules Lafon, aliyekuwa mkuu wa kijiji hicho, akaifufua kwa kuwaalika rafiki zake 35. Leo hukaa mamia ya watu, na kanuni ni moja: kila mkulima huja na chupa zake mwenyewe na kumnywesha jirani. Tangu mwaka 1932 hutolewa pia zawadi kwa mwandishi wa vitabu, nayo ni chupa 100 za divai ya hapo. Nafasi ni haba mno. Ukiikosa, kula mahali pengine.

Na chakula chenyewe? Nyama ya ng'ombe hupikwa katika divai nyekundu kwa saa nyingi juu ya moto mdogo, pamoja na vitunguu na uyoga, hata ikawa laini ya kukatika kwa kijiko. Na nyama ngumu ya ng'ombe mzee ndiyo ifaayo. Mayai huchemshwa katika mchuzi wa divai. Kuku wao bora ni wa Bresse, mashariki ya hapo, mweupe mwenye miguu ya samawati, na sheria husema kila kuku apewe si chini ya mita 10 za mraba za majani ya kutembelea. Jina lake lililindwa mwaka 1957 kama lilivyolindwa jina la divai. Kuna haradali ya Dijon, na kuna jibini ya Époisses, ambayo harufu yake hufika mezani kabla ya mchukuzi. Konokono pia huliwa, kwa siagi na kitunguu saumu. Mwandishi wa habari hizi hatamlazimisha mtu.

Kwa wale wasiokunywa kwa ajili ya dini au afya: hakuna atakayekukasirikia. Wataalamu wenyewe hawamezi. Huzungusha divai kinywani, hufikiri, kisha huitema katika ndoo iliyowekwa kwa kazi hiyo, maana mtu hawezi kuonja mapipa thelathini kabla ya mchana na bado akaijua njia ya nyumbani. Wala usidhani Wafaransa hawajui madhara. Kwa mwaka 2015 ilikadiriwa kwamba pombe iliua watu 41,000 katika nchi yao, na tangu mwaka 1991 wana sheria kali juu ya matangazo ya pombe.

JUMANNE NA JUMATANO: KATIKA GHALA NA KATIKA SAFU

Baada ya karamu mji hutulia, na hapo ndipo mkulima huwa na nafasi ya kuzungumza nawe. Piga simu mapema. Wakulima wadogo hawana karani wa kupokea wageni. Atakushusha ghalani kwa ngazi, atawasha taa, na kuchovya divai katika pipa kwa mrija wa kioo.

Anayejua kutengeneza muratina ataelewa upesi. Zabibu ina sukari yake, hivyo haihitaji asali. Hamira imo katika ngozi za matunda na hewani. Kwa divai nyekundu maji ya zabibu huachwa pamoja na ngozi kwa siku kumi au kumi na tano, na ngozi zinazoelea husukumwa chini kila siku ili zitoe rangi. Kisha divai huingia katika pipa la mwaloni. Pipa hunywa kidogo na hewa hula kidogo, kwa hiyo hapana budi kulijaza tena mara kwa mara. Pipa lililopungukiwa hugeuza divai kuwa siki.

Nje, mwishoni mwa Novemba, huanza kupogoa. Utaona moshi mwembamba katika mashamba: ni mpogoaji anayesukuma pipa la chuma lenye gurudumu, akichoma matawi humo na kuota moto papo hapo. Kila shina atalikata kwa mkono wake, kwa miezi mitatu au minne, akichagua tawi moja la kuacha. Ni kazi ya baridi na ya mgongo. Huko mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, wakati Dodoma, katika nchi jirani ya Tanzania, mkulima wa zabibu huweza kuvuna mara mbili.

Muulize mwenyeji wako habari za chama cha Mtakatifu Vincent. Karibu kila kijiji kina chama cha namna hiyo, vingine vya tangu karne ya 19. Ni vyama vya kusaidiana. Mwanachama hulipa ada ndogo kila mwaka, na akiugua au akivunjika mguu wakati wa kupogoa, wenzake huingia katika safu zake na kufanya kazi yake bila malipo hadi apone. Tarehe 22 Januari huifanya sikukuu ya mtakatifu wao, na tangu mwaka 1938 sikukuu kubwa huzunguka kutoka kijiji hadi kijiji mwisho wa mwezi huo. Maelfu ya watu huja kuonja, lakini mbele ya msafara hutembea wanachama wenyewe, wakichukua mabegani sanamu ya mtakatifu ya kila kijiji.

Utasema: haya si mapya, sisi tuna ngwatio, tuna saga, tuna mwethya. Kweli. Lakini fikiri juu ya skimu yako. Babu yako alisaidiwa na watu wa mbari yake, ambao hawakuhitaji karatasi ya kuwakumbusha. Wewe umekaa katika namba ya shamba, na jirani yako wa kulia alitoka wilaya nyingine, na wa kushoto lugha nyingine. Mvua za Machi zikianza nawe uko hospitalini, ni nani anayepaswa kuja na jembe? Mara nyingi kila mmoja hudhani mwingine atakwenda. Shamba hukaa bila kupandwa, mke hulazimika kukodisha ekari mbili kwa bei ya kutupa, na deni halijui kwamba mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wakulima wa Bourgogne nao wana wivu wa mipaka kama sisi, pengine kutuzidi. Kwa sababu hiyo waliandika: majina ya wanachama, ada, siku ngapi za kazi kila mtu atatoa, na ni nani atakayepiga mbiu. Daftari la kurasa mbili latosha. Watu ishirini wanaotoa siku moja moja hupanda ekari nyingi.

Jambo jingine la kuuliza ni mdudu aitwaye filoksera. Ni mdogo kama chembe ya vumbi, naye hunyonya mizizi. Alikuja Ufaransa kutoka Marekani katika miaka ya 1860, ndani ya miche iliyoletwa kwa meli, na mwaka 1878 alionekana katika mteremko huu. Mizabibu ilikufa nchi nzima. Mwisho wake ilionekana kwamba mizizi ya mizabibu ya Marekani humstahimili mdudu huyu, basi wakapandikiza matawi ya Kifaransa juu ya mashina ya Kimarekani, kama vile tunavyopandikiza maparachichi. Karibu kila mzabibu utakaouona una miguu ya Marekani.

ALHAMISI: USHIRIKA WA BUXY

Shuka kusini hadi Buxy. Hapa hakuna majina makubwa kama ya Vougeot, na mkulima mdogo peke yake asingeweza kununua mashine ya kukamua. Mwaka 1931, katika shida ile ile ya kukosa soko, wakulima walianzisha chama cha ushirika ambacho kingali kinafanya kazi. Zabibu hupelekwa kwenye ghala moja, hupimwa uzito na sukari, na mkulima hulipwa kwa uzito na kwa ubora pia, kwa mafungu. Mwenye zabibu mbovu hafichiki katika mzigo wa wenzake. Wale wanaopeleka maziwa kwa chama na kumwona jirani akiongeza maji, huku wote wakilipwa bei moja, wangefanya vema kuuliza swali hili katika mkutano wao mkuu.

Njiani magharibi ya hapo ndiko nyumbani kwa ng'ombe weupe wa Charolais, ambao ni wa nyama. Tazama malisho yao yaliyogawanywa kwa ua wa miti ya miiba.

IJUMAA NA JUMAMOSI: MLANGONI PA DUKA

Mtu aliyekula juma zima yafaa afanye kazi kidogo. Lakini usidhani utajitolea kuchuma zabibu bure. Sheria ya Ufaransa haikubali mtu afanye kazi bila mshahara katika shamba la biashara. Huhesabiwa kuwa kazi ya siri, na mwenye shamba hutozwa faini. Kuchuma ni kazi ya kulipwa, mwezi wa Septemba, na mgeni huhitaji kibali.

Mahali pa kujitolea ni kwingine. Benki za chakula za Ufaransa, zilizoanza mwaka 1984, hufanya mkusanyo wao mkubwa mwisho wa Novemba. Mwaka 2022 ulikuwa tarehe 25 hadi 27, na mwaka 2023 tarehe 24 hadi 26, yaani siku chache tu baada ya mnada wa Beaune. Watu wa kujitolea, wenye vizibao vya rangi ya chungwa, husimama kwenye milango ya maduka makubwa. Andika barua kwa tawi la karibu majuma kadhaa kabla, nao watakuambia duka gani na saa ngapi.

Kazi ni rahisi. Unamsalimu kila anayeingia kwa neno "Bonjour", unampa karatasi au mfuko, na akitoka anakupa alichonunua: makopo ya samaki, mchele, mafuta, sukari, maziwa ya mtoto. Vitu vinavyooza havipokelewi. Nyuma yako wengine hupanga masanduku, kopo kwa kopo na unga kwa unga, na lori huyachukua jioni. Wapokeaji ni wazee wenye pensheni ndogo, akina mama wanaolea peke yao, wanafunzi, na watu waliofukuzwa kazini. Wengi wa watakaopita watatazama chini na kwenda zao; usiwachukie. Kisha atakuja mama mmoja mwenye koti lililochakaa na kukupa pakiti mbili za tambi. Simama kwa zamu ya saa mbili au tatu, vaa soksi nzito, na weka mikono mfukoni wakati mlango umefungwa.

KABLA YA KUPANDA NDEGE

Treni ya Jumapili asubuhi hukufikisha Paris mapema. Chupa ulizonunua zifunge katika nguo ndani ya sanduku kubwa, kwa maana hazikubaliwi mkononi. Na wakati mwenyeji wako anapopogoa, huenda akakupa kitawi kizuri cha Pinot Noir na kusema ukapande kwenu. Mshukuru, ukiache pale pale. Mche wowote unaoingia Kenya hapana budi uwe na kibali cha KEPHIS kilichopatikana kabla ya safari, pamoja na cheti cha afya ya mimea cha nchi unakotoka, na katika kiwanja cha ndege wakaguzi hufungua masanduku. Huko Naivasha na kwingineko tuna watu waliopanda mizabibu yao, na mdudu wa 1878 hakubisha hodi alipoingia Ufaransa.